Kuwasha moduli ya PHP na kulinda daftari la familia



Somo letu safari hii ni la kompyuta. Hata hivyo tunawaomba ninyi ambao hamjawahi kugusa kompyuta msiliruke, kwa sababu linahusu daftari la familia. Ni lile daftari ambamo kamati ya wahamaji inaandika jina la baba, jina la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka na nyumba wanamolala sasa, iwe ni Ruashi, Kampemba, Katuba au Annexe. Karatasi hulowa wakati wa mvua, hupotea, na mara nyingi jina moja huandikwa mara tatu katika madaftari matatu. Ndiyo sababu vijana wetu mjini Lubumbashi wanapendekeza kuliweka daftari katika kompyuta, ili kila mjumbe aweze kulisoma kwa simu yake siku ya kugawa unga au siku ya kuandikisha watoto shuleni.

Wazo ni zuri. Lakini ipo hatua moja ndogo katika kazi hiyo ambayo, isipofanywa au ikifanywa nusu, inaweza kuliacha daftari lote wazi. Hatua yenyewe ni kuwasha moduli ya lugha ya PHP katika seva ya Apache. Vitabu vingi huimaliza kwa mistari miwili. Sisi tutaikalia kidogo.

Kiongozi halazimiki kuandika amri kwa mkono wake. Lakini anapaswa kujua swali la kumwuliza kijana anayeifanya kazi hiyo, kama vile mzee asiyejua kujenga anavyojua kuuliza kama msingi umefika kwenye udongo mgumu.

Seva ni nini, na kwa nini tuiweke kwetu

Seva ni kompyuta inayotoa kurasa kwa kompyuta na simu nyingine zinazoziomba. Si lazima iwe kubwa. Laptopu ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili inatosha, na ina faida moja ambayo kompyuta ya mezani haina: betri. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya mgawo, laptopu inaendelea, na ruta ndogo inaweza kuungwa kwenye betri ya paneli ya jua. Simu za wajumbe zinaunganishwa na ruta hiyo, zinafungua kurasa za daftari, na hakuna anayenunua hata megabaiti moja, kwa kuwa habari hazitoki nje ya chumba.

Kufanya kazi bila intaneti si anasa kwetu. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake, tarehe 31, serikali ikakata intaneti nchini kote. Ilirudi baada ya karibu siku 20, mwezi wa Januari 2019. Kamati yoyote ambayo daftari lake lingekuwa limewekwa kwenye seva ya ng'ambo isingeweza kulifungua siku hizo zote. Kamati yenye seva juu ya meza yake ingeendelea kama kawaida.

Hata hivyo tuseme ukweli: kamati yenye familia 20 haihitaji seva. Daftari la karatasi katika sanduku lenye kufuli linaitosha, na halihitaji betri. Seva inaanza kuwa na maana familia zinapofika mamia, au wajumbe wa mitaa kadhaa wanapolazimika kuandika kwa wakati mmoja.

Lugha ya PHP imekwisha kuitumikia kazi ya amani katika sehemu zetu hizi. Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh na wenzake walitengeneza tovuti ya Ushahidi, ambapo mwananchi aliweza kueleza alichokiona na taarifa yake ikawekwa kwenye ramani. Mwaka huohuo mfumo huo uliandikwa upya kwa PHP, na mwezi wa Novemba 2008 ukatumiwa kukusanya taarifa za vita vya mashariki ya Kongo. PHP yenyewe ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyetaka tu kujua ni watu gani wanaousoma wasifu wake kwenye tovuti. Aliitoa kwa watu wote mwaka 1995, ambao pia ndio mwaka wa toleo la kwanza la Apache. Vyote viwili havilipiwi.

Karani na mkalimani

Ili tuelewe kinachofanyika, tufikirie ofisi moja ya mjini. Mbele anakaa karani wa mapokezi. Nyuma, katika chumba cha ndani, anakaa mkalimani.

Apache ndiyo karani. Mtu akija na kuomba ukurasa, karani anakwenda kabatini, anachukua faili na kumkabidhi. Kama faili ni picha, anatoa picha. Kama ni maandishi ya kawaida, anatoa maandishi. Kazi yake ni hiyo na anaifanya vizuri, bila kusoma kilichoandikwa ndani.

Faili la PHP si la namna hiyo. Ndani yake hakuna ukurasa ulio tayari, bali kuna maagizo. Yanasema hivi: fungua sanduku la majina, hili hapa nenosiri lake, tafuta familia za mtaa fulani, zipange kwa herufi, kisha tengeneza ukurasa umpe aliyeomba. Karani hajui lugha hiyo. Anapaswa kulipeleka faili kwa mkalimani, mkalimani anatekeleza maagizo, na mgeni anapokea matokeo peke yake. Maagizo yenyewe hayaoni kamwe.

Moduli ya PHP ndiyo mkalimani huyo. Na kuiwasha ni kumwambia karani: kuanzia leo yupo mtu chumba cha ndani, na kila faili linaloishia kwa .php lipeleke kwake kwanza.

Sasa jiulizeni: mkalimani asipokuwepo, karani anafanya nini? Hafungi dirisha wala hasemi "njoo kesho". Anafanya alichozoea. Anachukua faili la maagizo na kumkabidhi mgeni jinsi lilivyo, pamoja na nenosiri la sanduku la majina. Kivinjari cha mgeni kitayaonyesha maagizo kama maandishi au kitayashusha kwenye simu yake. Hiyo ndiyo hatari ambayo somo hili limeandikwa kwa ajili yake.

Kuwasha moduli

Tunatumia mfumo wa Debian, kwa sababu haulipiwi na unakaa vizuri kwenye kompyuta dhaifu. Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, inakuja na PHP 8.2. Debian 13 ya mwaka 2025 inakuja na PHP 8.4. Katika mifano yetu tutaandika 8.2, ninyi andikeni namba ya toleo mlilo nalo. Programu zinashushwa siku ambayo intaneti ipo. Baada ya hapo kazi inaendelea bila intaneti.

Kwanza, kuweka programu:

sudo apt update
sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql

Jina refu hilo, libapache2-mod-php, ndilo mkalimani. Wengi huandika "php" peke yake na kudhani imetosha. Kwenye Debian mara nyingi moduli itakuja pia, lakini kama kompyuta tayari ilikuwa na PHP ya aina nyingine, inaweza isije. Litajeni wenyewe, msiache kubahatisha. MariaDB ni sanduku la majina, yaani hifadhidata, na php-mysql inamwezesha mkalimani kulifungua.

Katika kuweka programu, Debian huiwasha moduli yenyewe. Msitosheke na hilo. Ulizeni:

sudo apache2ctl -M | grep php

Jibu likiwa na maneno php_module, mkalimani yuko kazini. Likirudi tupu, hayupo, na mnamwita hivi:

sudo a2enmod php8.2

Hapo wengine hukwama. Kompyuta inakataa na kulalamika kuhusu kitu kinachoitwa mpm_event. Maana yake ni hii: Apache ina namna kadhaa za kugawa kazi inapojibu watu wengi kwa pamoja, na moduli ya PHP inataka ile namna ya zamani iitwayo prefork, ambapo kila mgeni anahudumiwa peke yake. Namna mbili haziwezi kuwa kazini pamoja, kwa hiyo mnazima moja na kuwasha nyingine:

sudo a2dismod mpm_event
sudo a2enmod mpm_prefork
sudo a2enmod php8.2

Kisha mnaikagua mipangilio kabla ya kuianzisha seva upya:

sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl restart apache2

Amri ya kwanza ikijibu "Syntax OK", endeleeni na ya pili. Isipojibu hivyo, someni kwa utulivu mstari inaoutaja, kwani karibu kila mara kosa liko hapo hapo au mstari mmoja juu yake. Mkisahau kuianzisha upya, moduli itakuwa imeandikwa kwenye mipangilio bila kuingia kazini, nanyi mtahangaika nusu siku.

Yapo mafundi watakaowaambia kwamba njia bora siku hizi ni PHP-FPM, ambapo mkalimani anakaa nje ya Apache. Kwa tovuti yenye wageni maelfu wana haki. Kwa kamati yenye simu 15 kwenye ruta moja, moduli inatosha na ina vitu vichache vya kuharibika.

Neno moja pia kuhusu vitabu vya zamani. Mjini bado mnaweza kukuta vitabu vya miaka ya 2000 vinavyoeleza PHP 4 na PHP 5. Vinawaambia mfungue faili liitwalo httpd.conf na kuandika mstari wa LoadModule wenye neno php5_module. Wazo lake ni lilelile, kumtambulisha mkalimani kwa karani, lakini msiandike mstari huo leo. PHP 5 ilikoma kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa Desemba 2018, na kwenye Debian kazi hiyo sasa inafanywa na a2enmod.

Sasa jaribuni. Tengenezeni faili /var/www/html/jaribu.php na ndani yake muandike:

<?php echo "Daftari liko tayari"; ?>

Fungueni ukurasa huo kwa simu. Mkiona maneno "Daftari liko tayari" peke yake, mkalimani anafanya kazi. Mkiona na alama za <?php, au simu ikilishusha faili, mkalimani hayupo. Watu wengi hujaribu kwa phpinfo(). Inafaa pia, ila inaonyesha siri nyingi za seva, na wengi husahau kuifuta. Echo inatosha. Likishajibu vizuri, libakizeni faili hilo la jaribu.php, maana tutalihitaji tena.

Na muhimu kuliko yote: jaribuni hivyo kabla ya kuingiza hata jina moja la mtu wa kweli.

Mkalimani akiondoka

Mtu anaweza kusema kwamba akishaiwasha moduli leo, kazi imekwisha. Haikwisha. Mwezi wa Agosti 2007 kampuni ya Facebook, ambayo hata wakati ule ilikuwa na wataalamu wengi, ilijikuta seva yake moja imepangwa vibaya, na baadhi ya wageni wakapewa maagizo ya PHP ya ukurasa wa kwanza badala ya ukurasa wenyewe. Maagizo hayo yakasambaa kwenye intaneti. Ikiwa yaliwafika wao, kamati yetu isijidanganye kwamba haitafikiwa.

Njia ya kawaida ya kumpoteza mkalimani ni kusasisha mfumo. Debian 11 ilikuwa na PHP 7.4. Kompyuta ikipandishwa hadi Debian 12, mkalimani wa zamani anaweza kuondolewa, na wa 8.2 akafika bila kutambulishwa kwa karani. Seva itawaka kama kawaida na taa zote zitakuwa za kijani. Ila karani atakuwa anagawa maagizo. Kwa hiyo tunaweka ulinzi wa aina mbili.

Ulinzi wa kwanza ni kumwambia karani mapema: siku ukikosa mkalimani, faili lolote la .php usimpe mtu. Tengenezeni faili /etc/apache2/conf-available/linda-php.conf lenye maneno haya:

<IfModule !php_module>
<FilesMatch "\.php$">
Require all denied
</FilesMatch>
</IfModule>

Kisha:

sudo a2enconf linda-php
sudo systemctl restart apache2

Alama ya mshangao mbele ya php_module maana yake ni "kama haipo". Mistari hii ni ya PHP 8. PHP 7 ilitumia jina php7_module. Ni mistari mitano tu, na sisi hatujui kwa nini vitabu vingi haviitaji.

Ulinzi wa pili ni kutoweka nenosiri katika kabati ambalo karani anaruhusiwa kulifungua. Kabati hilo ni folda ya /var/www/html. Nenosiri la hifadhidata liwekwe nje yake, kwa mfano /etc/daftari/siri.php, na kurasa zenu ziliite kutoka huko kwa amri ya require. Halafu:

sudo chown root:www-data /etc/daftari/siri.php
sudo chmod 640 /etc/daftari/siri.php

Sasa hata maagizo yakivuja, mgeni ataona tu kwamba nenosiri liko mahali fulani ambapo yeye hafiki.

Kuna kosa jingine la kawaida ambalo ulinzi wa kwanza hauligusi. Kijana anataka kubadilisha ukurasa wa daftari.php, na kwa kuwa ni mwangalifu anatunza nakala ya ule wa zamani, anaiita daftari.php.zamani au daftari.php.bak, na kuiacha kwenye folda ileile. Jina halimalizikii tena kwa .php. Karani haoni sababu ya kumwita mkalimani, hata kama yupo chumba cha ndani akingoja kazi. Anaitoa nakala yote kwa anayeiomba. Nakala ziwekwe kwenye folda nyingine, nje ya /var/www/html, bila mjadala.

Nenosiri la ruta nalo lisibandikwe ukutani ambapo kila mpita njia analisoma.

Majina yenyewe

Baadhi ya wasomaji watasema: nani atahangaika kuiba majina ya watu maskini waliokimbia? Tarehe 18 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wameingia katika seva zenye data za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na familia zao kwa vita, uhamiaji au majanga, watu waliopotea na jamaa zao wanaowatafuta, na watu walio kizuizini. Data hizo zilikusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, kupitia kasoro ya programu ambayo marekebisho yake yalikuwapo lakini hayakuwa yamewekwa. Walikaa ndani siku 70. Kwa hiyo wapo wanaoyataka majina hayo.

Sisi wa Katanga hatuhitaji hata mfano wa mbali. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa makwao, na wengi walilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa ya kuwaondoa. Familia zilizokimbia pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto vijiji vilipochomwa kati ya 2012 na 2014 zinajua maana ya kuulizwa unatoka wapi na mtu mwenye silaha. Na jirani zetu wa Rwanda walikuwa na vitambulisho vilivyoandikwa kabila, desturi iliyoletwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo viliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari, kabila likaondolewa katika kitambulisho.

Kwa hiyo tunashauri kwa nguvu: katika daftari la kamati msiwe na safu ya kabila. Haisaidii kugawa unga. Kuhusu kijiji cha asili, kinahitajika kwa kuwakutanisha jamaa waliopoteana, lakini kiwekwe mahali pake, na asome wajumbe wawili tu waliochaguliwa na familia zenyewe. Mgawaji wa unga ahitaji nini? Jina, idadi ya watu wa nyumba, namba ya kadi. Ukurasa wa simu yake uonyeshe hayo na si zaidi. Jambo ambalo halikuandikwa haliwezi kuibwa, hata moduli ikizimika mara 100.

Nchi yetu nayo ina sheria sasa. Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi, na kamati inayotunza majina ya watu haiko nje yake. Ni vema familia ziambiwe kabla ya kuandikwa: jina lako litakaa wapi, nani atalisoma, na ukitaka lifutwe unamwendea nani. Mama anayekataa kutaja kijiji chake asilazimishwe, na mgawo wake usipunguzwe kwa sababu hiyo.

Zoezi la kikundi

Zoezi hili lifanywe siku ambayo hakuna mgawo, na majina ya kubuni yakiwa ndiyo pekee katika daftari. Wakae pamoja viongozi, vijana wa kompyuta, na angalau wazazi wawili ambao majina yao yatakuja kuandikwa humo. Huo si upambo. Wao ndio wenye mali.

Kijana aizime moduli mbele ya wote:

sudo a2dismod php8.2
sudo systemctl restart apache2

Kisha mzazi mmoja afungue jaribu.php kwa simu yake mwenyewe. Akiona neno "Forbidden", ulinzi wa kwanza uko mahali pake: karani amekosa mkalimani na amefunga dirisha. Akiona maagizo, au simu ikashusha faili, daftari lisipokee majina ya kweli mpaka kasoro hiyo irekebishwe, hata kama kuna haraka na wafadhili wanangoja orodha. Afungue pia daftari.php.bak na daftari.php.zamani, zote mbili zijibu kwamba hakuna faili la namna hiyo.

Baada ya hapo moduli iwashwe tena kwa a2enmod, seva ianzishwe upya, na mzazi yuleyule afungue jaribu.php mara ya pili. Safari hii aone "Daftari liko tayari".

Kikundi kisiondoke bila kujibu maswali haya, na majibu yaandikwe kwa kalamu. Ni nani atafungua jaribu.php kila baada ya kusasisha mfumo, na akisafiri kwenda Kasumbalesa nani atashika nafasi yake? Nenosiri la hifadhidata wanalijua watu wangapi? Laptopu inalala nyumbani kwa nani, na ikiibwa, mtaziambia familia ndani ya siku ngapi?